Paja la Nyuma

"Paja la nyuma msiliguse," mzee alituambia.

Tulikuwa bado kando ya pikipiki, tunahangaika na glavu. Yeye alisimama mbele yetu hatua kama kumi, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake, akatuonyesha kwa kidevu mahali ng'ombe alipolala. Kuanzia pale hadi kwenye mgunga mkubwa ardhi ilikuwa imetapakaa tumbusi. Wengine kifudifudi, mabawa wazi. Mmoja alikufa ameketi, shingo imeinama kama mtu aliyesinzia ibadani.

Niliwahesabu mara mbili. Kumi na tisa. Fisi wawili. Mbweha mmoja, meno yake bado yako kwenye nyama.

Nikamjibu, "Sawa, mzee," nikaendelea na kazi. Maneno yake yalinipita kama unavyopitwa na onyo la mwenye nyumba kwamba angalia, ngazi ya pili imelegea. Ni usiku, nikiwa kitandani, mikono bado inanuka sabuni ya dawa, ndipo yaliponirudia.

Alijuaje ni paja?

Hakuna aliyekuwa ameinama. Hakuna aliyekuwa amepima chochote. Mtu aliyeukuta mzoga asubuhi na ndege wamekufa pembeni anaweza kusema nyama hii ina sumu, msiiguse. Hawezi kusema ni paja lipi.

Wiki sita zimepita, na bado nalala nalo.

## Rangi ya ng'ombe nimeibadilisha

Ni Kajiado, kusini mwa Kenya, na nitaishia hapo. Nimejitolea na shirika moja la uhifadhi wa wanyamapori kwa miaka minne sasa, na shirika lenyewe sitalitaja, maana nitakayoyasema hapa hayakupitia kwa mtu yeyote ofisini. Hata rangi ya yule ng'ombe nimeibadilisha. Kule rangi ya ng'ombe ni kama namba ya kitambulisho: ukisema alikuwa na baka jeupe ubavuni, watu kumi watajua ni wa boma la nani kabla hujamaliza sentensi.

Wanaouliza ninafanya nini huko wikendi huwa wanadhani nawabeba watoto wa ndovu na chupa za maziwa. Laiti. Kazi yetu kubwa ni kuongea na watu waliokasirika, na mara mojamoja, kama siku ile, kuchoma vilivyokufa.

## Kwanza unatazama nzi

Mafunzo ya siku ya kwanza yalinishangaza kwa jinsi yalivyokuwa madogo. Usianze na ndege, mkufunzi alisema. Anza na nzi. Mzoga wa siku mbili juani usio na nzi wanaovuma ni mzoga wa kutiliwa shaka, na ukiwakuta nzi wenyewe wamelala chini, wamekufa wakiuzunguka kama punje za pilipili manga, hapo simama mahali ulipo.

Kisha tazama miguu ya tumbusi. Aliyekufa kwa baadhi ya dawa za kuulia wadudu hukunja makucha, ngumi kabisa, hadi ukijaribu kuyafungua unaogopa kuyavunja.

Kisha tafuta chembe. Ile sumu iliyovuma zaidi katika nchi yetu, kabofurani, iliuzwa kama chembechembe zenye rangi ya zambarau iliyokaribia waridi, kwa ajili ya kuwaua wadudu udongoni. Kijiko kimoja kilitosha kuuharibu mzoga mzima. Mwaka 2009, baada ya kelele nyingi kuhusu simba waliokufa, mtengenezaji alitangaza kuiondoa sokoni Kenya. Kelele zikapoa. Lakini agroveti, duka la dawa za kilimo na mifugo, haina rafu moja, na mtu mwenye hasira, anayemtegea sumu simba aliyemlia ng'ombe, hahitaji jina la kikemia. Anauliza tu, ile kali iko?

Siku ile nzi walikuwa wamekufa, na makucha yote yalikuwa ngumi. Chembe zilikuwa mahali pamoja tu, zimesukumwa ndani ya mipasuko mitatu iliyokatwa kwa kisu.

Kwenye paja la nyuma.

## Ndege asiye na mwezi

Kila mwaka tunachapisha kalenda ya kuwashukuru wafadhili. Ndovu hupata miezi miwili, simba miwili, duma hakosi, twiga, kifaru, hata kasa ingawa sisi na bahari ni mbali. Tumbusi hajawahi kupata mwezi. Aliwahi kupendekezwa Februari kwa kuwa ni fupi, na hata hapo akashindwa na mbuni.

Lugha yenyewe haimsaidii. Wengi wetu tunamwita tai tu, tukimchanganya na ndugu zake wawindaji ambao angalau huwekwa kwenye nembo za majeshi. Tukitaka kumtenga ndipo tunasema tumbusi, na tunalitamka neno hilo kama tusi. Mwaka 2012, wanaharakati walipochora wanasiasa kwenye kuta za Nairobi, walichora tumbusi aliyevaa suti. Kila mpita njia alielewa. Nami nilicheka, wakati ule.

Sasa ukikaa nao siku moja kwenye mzoga halali, mzoga usio na mkono wa mtu, unaona ni wafanyakazi wenye utaratibu. Yupo mwenye mdomo mkubwa wa kupasua ngozi, wapo wenye shingo ndefu za kuingia ndani, yupo mdogo wa kuokota mabaki pembezoni. Tindikali ya tumboni mwao ni kali kiasi kwamba nyama iliyooza, ambayo ingekulaza wewe hospitalini, wao huimeng'enya bila habari. Na huruka kwa namna ambayo bado siiamini vizuri: tarehe 29 Novemba 1973, tumbusi wa Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, Côte d'Ivoire, kwenye kimo cha takriban mita 11,300. Huyo ni ndugu wa wale wanaotaga kwenye magenge ya Kwenia, hapahapa Kajiado.

Wanataga yai moja. Kwa mwaka. Na kifaranga huchukua miaka mitano au zaidi kabla naye hajaanza kutaga. Ndiyo maana kumi na tisa kwa asubuhi moja si hesabu ndogo. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Darcy Ogada, ambaye amefanya kazi nyingi hapa Kenya, walikadiria kwamba spishi nane za tumbusi wa Afrika zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika miongo mitatu, na kwamba karibu vifo sita katika kila kumi vilivyoandikwa vilitokana na sumu. Mwaka mmoja kabla ya hapo tumbusi wa mgongo mweupe, yule ambaye nilikuwa nikimwona kila mahali nilipokuwa mtoto, alikuwa ameingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

India walitangulia. Huko muuaji alikuwa dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, diklofenaki. Tumbusi aliyekula ng'ombe aliyetibiwa alikufa figo. Mamilioni ya ndege yakaisha katika miaka michache, mbwa wa mitaani na panya wakazirithi nyama, na dawa ikapigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Utafiti uliochapishwa 2024 ulikadiria kuwa kati ya mwaka 2000 na 2005 watu kama nusu milioni zaidi walikufa huko kwa sababu wasafishaji wao walikuwa wameondoka.

Nusu milioni ya watu. Hiyo huwa naisema kwenye mikutano ya vijiji, na naona kabisa inavyopita juu ya vichwa kama ndege ya Abidjan.

Kwa sababu aliyekaa mbele yangu amepoteza ng'ombe jana.

## Hesabu ya mzee

Baada ya kuuchoma mzoga tulikaa kwake. Mama wa boma alitupa chai, na mzee akatueleza habari ya ng'ombe bila kuulizwa.

Alikuwa wa tatu tangu mvua zilipokatika. Wa kwanza alichukuliwa malishoni, akasema makosa ni ya kijana aliyelala. Wa pili alichukuliwa zizini, simba akipenya mahali miiba ilipokauka na kulegea. Kwa hao wawili alijaza fomu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatambua fidia: kwa mtu aliyeuawa ni shilingi milioni tano, na kwa mifugo pia ipo, kwa bei ya soko. Mzee alikuwa na nakala za fomu zake ndani ya mfuko wa plastiki, zimekunjwa mara nne, mhuri umeanza kufifia. Alizifungua, akanionyesha, akazikunja tena kwa mikunjo ileile.

"Hizi nazitunza," alisema. "Ng'ombe wenyewe wameshaliwa, hizi haziliwi."

Huyu wa tatu alikuwa na mimba.

Sikuwa na la kusema. Katika mafunzo tunaambiwa usiahidi fidia, usiitetee serikali, usiilaumu, sikiliza tu. Nilisikiliza. Nilikuwa nakunywa chai yake na sikuwa bado nimelitafakari lile neno la paja, kwa hiyo nilimsikiliza kama mtu aliyefiwa. Leo nikikumbuka namsikia pia kama mtu anayejieleza.

## Simu

Nikiambiwa niitaje kazi ya shirika letu kwa neno moja, nitasema simu.

Namba imebandikwa dukani, kisimani, kwa fundi wa pikipiki, na kwenye milango ya agroveti zilizokubali. Ukikuta mnyama ameuawa, ukikuta ndege wamelala, ukisikia jirani anasema maneno ya hasira, piga. Skauti wa karibu anafika kwanza, kisha sisi. Saa za mwanzo ndizo zenye maana. Mzoga wenye sumu ukikaa wazi unaendelea kuua: tumbusi mmoja akishuka, walio mbali angani wanamwona anavyoshuka, nao wanashuka, na walio mbali zaidi wanawaona hao. Botswana, mwezi wa Juni 2019, mizoga mitatu tu ya ndovu iliua tumbusi 537. Hiyo ilikuwa kazi ya majangili, ambao huwachukia tumbusi kwa sababu nyingine: wakizunguka angani huwaonyesha askari mahali ndovu alipouawa.

Kwa hiyo mzoga ukiwahiwa ukachomwa, umeokoa ndege ambao hutawaona kamwe. Siku ile, baada ya moto kushika, niliinua macho nikaona sita wanazunguka juu sana. Walizunguka kwa muda mrefu, moshi ukawaudhi, wakaenda.

Hata chini palikuwa na mmoja aliyekuwa bado anapumua. Daktari wa mifugo alituelekeza kwa simu jinsi ya kumwosha koromeo, skauti akamweka kwenye katoni ya mafuta ya kupikia iliyotobolewa, akampakia mbele yake kwenye pikipiki kama mtoto. Ameishi. Kuruka bado.

Simu ndiyo iliyomwokoa huyo na wale sita. Na simu aliipiga mzee.

Hapo ndipo akili yangu hukwama kila mara. Aliyewaua kumi na tisa na aliyewaokoa saba ni mtu mmoja, kwa mikono ileile, asubuhi ileile.

## Siku ya tatu

Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia nikampigia skauti wetu. Ni kijana wa kulekule, ana miaka ishirini na minne, baba yake na yule mzee ni wa rika moja. Nilizungukazunguka, nikamuuliza kama aliona lolote la ajabu.

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Wewe umejua usiku," alisema. "Mimi nilijua kabla hatujawasha pikipiki. Nilipoona ni namba yake."

"Na ukanyamaza?"

"Nikisema, kesho nani atanipigia?"

Sikuwa na jibu, naye hakulisubiri. Akaniambia habari za dada yake kidato cha tatu, tukaagana.

## Kisanduku cha nane

Fomu yetu ya tukio ina visanduku kumi na viwili. Cha kwanza mahali, cha pili tarehe, kisha spishi na idadi, na kuendelea. Cha nane kinauliza: mshukiwa. Sampuli za nyama zilienda maabara Nairobi, nakala ya ripoti ikaenda kwa mamlaka husika kama kawaida. Kwenye kisanduku cha nane niliandika neno moja.

Hajulikani.

Niliandika haraka. Wino haukukauka ndipo nikaanza kubishana nao.

Upande mmoja nina hoja nzuri, na nimeisikia ikitetewa na watu wenye akili kuliko mimi. Tukiwa polisi, simu zitakoma. Zikikoma, sumu haitakoma. Tutakachopoteza ni kujua tu. Mizoga itaua wiki nzima badala ya saa tatu. Watu watajifunza kufukia ndege na kunyamaza, na sisi tutaandika kwenye ripoti ya mwaka kwamba matukio yamepungua, wafadhili watafurahi, na picha zitapigwa. Hilo linawezekana kabisa. Nimeona ripoti za namna hiyo.

Upande wa pili kuna sheria, ambayo haikuandikwa na wajinga. Kutilia sumu mzoga si ugomvi wa mtu na simba wake. Watoto huchunga pale. Mbwa hupita pale. Mvua ikinyesha, maji ya pale huenda mahali. Leo ni mzee ninayemhurumia. Kesho ni mtu mwingine ambaye amesikia kwamba kwa mzee hakukutokea kitu.

Hoja hizi mbili zingenitosha kunikosesha usingizi. Lakini iliyoniuma hasa ni ya tatu, nayo ilinijia nikiwa nimekaa kwenye matatu, njia ya Kiserian, bila kuitafuta.

Desemba 2015, huko Masai Mara, simba wa kundi la Marsh walitiliwa sumu kwenye mzoga. Mmoja wa waliokufa alikuwa simba jike mzee aliyeitwa Bibi. Dunia nzima ilimjua Bibi, watu wa nchi ambazo siwezi kuzionyesha kwenye ramani walimlilia, na washukiwa walikamatwa, wakafikishwa mahakamani. Tumbusi nao walikufa kwenye mzoga uleule. Nilipokuwa nasoma habari zile wakati ule, sikumbuki kama niliifikia sentensi yao.

Kama pale chini ya mgunga angelala simba, ningeandika hajulikani?

Nimejaribu kujijibu ndiyo. Nimejaribu mara nyingi. Ninaujua moyo wangu. Simba mmoja tu, mwenye jina au asiye na jina, na ningeandika kila nilichosikia, pamoja na mahali mzee aliposimama na upande aliogeuzia kidevu. Ningejiita shujaa. Kwa hiyo busara yangu yote kuhusu simu na imani ya jamii, huenda ni nguo nzuri niliyoivika imani ya zamani sana niliyokuwa nayo: kwamba waliokufa walikuwa tumbusi tu.

Miaka minne nawaambia watu kwamba ndege huyu ana thamani. Kisanduku kimoja tu, nami nimempa thamani yake.

## Dada mratibu

Nilimweleza mratibu wetu. Si yote. Nilimuuliza kama vile ni swali la mafunzo: mtu wetu akijua, afanye nini?

Ana uzoefu wa miaka kumi na tisa katika kazi hizi, na aliniangalia vile mama anavyomwangalia mtoto anayesema rafiki yangu amevunja glasi.

"Kuna mambo ninayoyajua ambayo sijawahi kuyaandika," alisema. "Na kuna niliyoyaandika ambayo natamani nisingeyaandika. Kijana mmoja alifungwa. Mama yake alikuwa ananipikia." Akanyamaza, akapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. "Kuna boma kule lenye uzio mbovu. Wiki ijayo kuna waya wa mradi umebaki. Ningekuwa wewe ningeenda na mafundi."

Sijui kama aliniachilia au alinihukumu. Nilienda na mafundi.

## Waya

Uzio wa waya si jambo jipya. Nguzo, waya wa matundu, mlango wa bati, na miiba ya zamani inabaki kwa nje kwa sababu hakuna mfugaji anayekubali kuitupa. Simba akizunguka, ng'ombe wakitishika hawawezi kuvunja wakatoka, na huo ndio mchezo wake mkubwa usiku: kuwatia hofu mpaka watoke wamfuate nje. Wengine huongeza taa. Zile taa zinazomulika kwa zamu, simba akadhani mtu anatembea na tochi, zilibuniwa na Richard Turere, mtoto wa Kitengela aliyekuwa bado shule ya msingi, kwa sababu tu alikuwa amechoka kuamka usiku kulinda ng'ombe wa baba yake. Wataalamu wenye shahada walikuwepo. Mtoto ndiye aliyechoka.

Tulifanya kazi siku mbili. Mzee alichimba mashimo na sisi, akakataa kukaa kivulini. Hatukuzungumza habari ya ule mzoga. Tuliongea juu ya mvua, juu ya bei ya majani makavu, na juu ya mjukuu anayetaka kwenda chuo cha ualimu. Mafundi walipokuwa wakikaza mlango wa mwisho aliniita kando kwa kidole.

"Ile karatasi yako," alisema. "Uliandikaje?"

"Niliandika hajulikani, mzee."

Aliniangalia kwa muda. Sikuona shukrani usoni mwake, na nadhani nilikuwa nimeisubiri.

"Lakini wajua."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Ulisema paja."

Akatikisa kichwa polepole, kama mchezaji wa bao aliyeona kosa lake raundi tatu nyuma. Kisha akasema jambo ambalo sikumuuliza.

"Mimi nilimwita simba. Simba hakuja. Wakaja wale." Akainua fimbo kuelekea angani, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Nilisimama nikaona wanashuka, wanashuka, wanashuka. Niliwarushia mawe. Mwanangu, nilipiga kelele mpaka mke wangu akatoka. Sikuwa nimewaita wale. Ndipo nikampigia mtoto wa rafiki yangu."

Aliingia ndani. Nilifikiri mazungumzo yamekwisha, nikaanza kukusanya koleo. Akatoka na kitu kimefungwa kwenye kipande cha shuka kuukuu, juu yake mfuko wa plastiki, juu yake kamba ya mkonge. Kilikuwa kizito kidogo kuliko nilivyotarajia. Alinikabidhi kwa mikono miwili, vile mtu anavyokabidhi kitu cha heshima.

"Kaichome na hii," alisema.

Haichomwi hivi hivi, kuna utaratibu wake, lakini haikuwa saa ya kufundisha. Nilifungua kamba kwa uangalifu, nikachungulia bila kugusa. Chombo kilikuwa na chembe hadi katikati.

"Hii ni nusu," nikasema.

"Ni nusu."

"Ile ya kwenye paja haiwezi kuwa nusu nyingine yote, mzee. Ilikuwa kidogo tu."

Mbuzi walikuwa wameanza kurudi. Wajukuu wawili walikuwa wakiwasukuma kwenye mlango mpya, na mbuzi walikuwa wakiuogopa bati, wanasimama, wanarudi nyuma, wanaruka juu ya kitu ambacho hakipo. Mzee alikwenda akasimama kando ya nguzo. Aliwatazama wakiingia mmoja mmoja, na kila aliyepita alimgusa mgongoni kwa ncha ya fimbo.

"Ilikuwa bei kubwa," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Tuliinunua watu wawili."